Kamanda Asiyemwona Adui: Hatia na Dhima katika Riwaya za Anga na Michezo ya Mikakati

Utangulizi

Mpenzi wa michezo ya kompyuta ya mikakati ya angani anapotaka kusoma riwaya, ushauri anaopewa aghalabu huwa wa aina moja. Hutajiwa riwaya zenye madola ya nyota, manowari za anga na vita vya karne nyingi, yaani zile zitakazomrudishia raha ile ile aliyoionja mchezoni. Ushauri huo si mbaya, lakini unaiacha kando tofauti ya msingi iliyopo baina ya sanaa hizi mbili. Mchezo humketisha mchezaji juu ya ramani. Riwaya, hata inapoanza na ramani, hatimaye hulazimika kushuka chini waliko watu. Kushuka huko ndiko kunakozua swali ambalo makala haya yanakusudia kulijadili: je, anayeamuru maangamizi bila ya kuwaona wanaoangamizwa, au bila hata ya kujua kwamba wapo, ana hatia?

Ili kulijibu swali hili, tunapendekeza dhana mbili zitenganishwe. Hatia ni deni la aliyetenda kwa kujua na kwa kukusudia. Dhima ni mzigo unaomkalia mtu kwa sababu jambo limepitia mikononi mwake, awe alilikusudia au hakulikusudia. Msimamo wetu ni kwamba umbali na kutojua vyaweza kuiondoa hatia, lakini haviwezi kuiondoa dhima. Na kwamba riwaya ya anga iliyo bora ni ile inayomfanya msomaji aibebe dhima hiyo badala ya kuikimbia. Hoja hii tutaipima kwa riwaya chache ambazo mchezaji wa mikakati hana budi kuzikuta njiani.

Chimbuko Moja

Riwaya ya uvamizi wa angani na mchezo wa vita wa kisasa viliwahi kukutana katika kalamu ya mtu mmoja. Mwaka 1898 H. G. Wells alichapisha The War of the Worlds, riwaya ambamo viumbe kutoka Mirihi wanaivamia Uingereza kwa silaha ambazo Waingereza hawana la kuzifanyia. Mapema kabisa katika riwaya hiyo, msimulizi anawaasa wasomaji wasiwahukumu wavamizi hao kwa ukali kabla ya kukumbuka jinsi Wazungu wenyewe walivyowaangamiza wenyeji wa Tasmania. Wahenga walisema mkuki kwa nguruwe mtamu, kwa binadamu mchungu. Wells aliuchukua mkuki uliokuwa mkononi mwa dola kubwa kuliko yote ya wakati wake akaugeuza ncha.

Miaka kumi na mitano baadaye, mwaka 1913, mwandishi huyo huyo alitoa Little Wars, kitabu cha kanuni za mchezo wa askari wa sanamu unaochezwa sakafuni kwa mizinga midogo. Humo anashikilia kwamba vita vya sakafuni ni bora kuliko vita vya kweli, na kwamba atakayevicheza mara chache tu atatambua jinsi vita vikuu vinavyojaa makosa na upumbavu. Mwaka uliofuata Vita vya Kwanza vya Dunia vikazuka.

Tunaona, basi, kwamba tangu mwanzo fani hizi mbili zilipewa majukumu tofauti. Mchezo ulitarajiwa kuiondoa damu vitani ili akili ibaki peke yake. Riwaya ilitarajiwa kuirudisha damu, tena kwa kuimwaga mahali ambapo msomaji alidhani yuko salama.

Vitenzi Vinne na Tatizo la Tafsiri

Mwaka 1993 ulitoka mchezo wa Master of Orion, uliobuniwa na kampuni ya Simtex. Katika kuutangulizia kwa wasomaji wa jarida la Computer Gaming World, mhakiki Alan Emrich alibuni jina la tanzu nzima kutokana na vitenzi vinne vya Kiingereza: kuvumbua, kupanuka, cha tatu tutakachokieleza punde hivi, na kuangamiza. Jina hilo limedumu, na michezo mingi iliyofuata, ukiwemo Stellaris wa mwaka 2016, hufafanuliwa kwalo hadi leo.

Kitenzi cha tatu kinamtatiza mfasiri. Kwa Kiingereza kina maana mbili ambazo mzungumzaji halazimiki kuchagua baina yake: kulitumia jambo kwa faida, na kumdhulumu mtu kwa kumfaidi. Kiswahili hakiruhusu kusitasita huko. Ama tuseme kutumia, ama tuseme kunyonya. Na atakayesema kunyonya amekwisha kutoa hukumu. Tunadhani mfano huu mdogo unadhihirisha jambo kubwa. Lugha ya mchezo huweza kuendelea bila ya kuamua kama kinachotumiwa ni madini au ni watu, kwa kuwa kwenye kioo cha kompyuta vyote viwili ni tarakimu. Katika Master of Orion idadi ya wakazi wa sayari huandikwa kwa namba, na silaha ya kuwaua wakazi kwa maradhi huipunguza namba hiyo. Hakuna anayezikwa.

Msomaji wa Afrika Mashariki hahitaji kwenda angani ili kuuelewa mtazamo huo. Mwaka 1886 Uingereza na Ujerumani zilikubaliana kuligawa eneo letu kwa mstari kutoka mlango wa mto Umba hadi Ziwa Viktoria, mstari unaopinda ili uupite Mlima Kilimanjaro kwa upande wa kaskazini. Wadigo na Wamaasai walijikuta pande zote mbili za mpaka ambao hawakuulizwa lolote kuuhusu. Waliouchora mstari huo hawakuwa wakicheza, lakini walikaa mahali pale pale anapokaa mchezaji, na kutoka hapo mlima ulionekana wazi kuliko watu.

Hata hivyo, maneno haya yasichukuliwe kuwa ni shutuma dhidi ya michezo. Mtu hawi mwuaji kwa kula kete. Bao letu lenyewe ni mchezo wa mikakati, na istilahi yake ya kula ni kali vya kutosha. Ila kete iliyoliwa haitupwi nje, bali hupandwa upya upande wa aliyeila na kuendelea kuzunguka. Tena wachezaji wa bao huketi uso kwa uso, kila mmoja akimwona anayemshinda. Hata katika Master of Orion mchezaji anaweza kushinda bila ya kuangamiza, kwa kuchaguliwa katika baraza la mataifa ya nyota. Mchezo, kwa hiyo, haumfundishi mtu uovu. Unachofanya ni kumzoeza mahali pa kukaa. Ni juu ya riwaya kumwuliza anaona nini kutoka hapo, na nini hakionekani.

Hatia ya Asiyejua

Riwaya inayoliuliza swali hilo moja kwa moja ni Ender's Game ya Orson Scott Card, iliyochapishwa mwaka 1985 baada ya kutangulia kama hadithi fupi mwaka 1977. Ender Wiggin ni mtoto anayefunzwa ukamanda kwa njia ya michezo. Anapofikia mafunzo ya mwisho, anaongoza manowari dhidi ya adui katika mapigano anayoyaamini kuwa ni mazoezi. Katika lile analodhani kuwa mtihani wa mwisho, anaamua kuivunja kanuni kwa kuielekeza silaha kwenye sayari yenyewe, akitumaini kwamba watu wazima watamwona hafai na kumwacha apumzike. Badala yake wanalia kwa furaha. Hapo ndipo anapoambiwa kwamba hapakuwa na mazoezi. Manowari zilikuwa za kweli, askari aliowapoteza walikuwa watu, na taifa zima la viumbe wenye akili limeteketea.

Je, Ender ana hatia? Aristotle, katika kitabu cha tatu cha Nicomachean Ethics, anasema kwamba tendo lililofanywa kwa kutojua si la hiari iwapo mtendaji analijutia. Anaongeza kwamba yuko anayeadhibiwa kwa kutojua kwenyewe, kama vile mlevi, kwa sababu alikuwa na uwezo wa kutolewa. Kwa kipimo hicho Ender anaachiliwa. Hakujua, hakuwa na njia ya kujua, na anajuta kwa maisha yake yote.

Lakini jibu hili linatoka kwa wepesi unaotia shaka. John Kessel, katika tahakiki yake ya mwaka 2004, anahoji kwamba riwaya hii imeundwa makusudi ili kumpata mwuaji asiye na hatia: kila Ender anapoua, mwandishi amekwisha kuhakikisha kwamba nia yake ni safi. Hoja hiyo ina uzito. Wale watu wazima walimchagua Ender kwa sababu ya huruma yake, kwa kuwa ni mwenye huruma tu anayeweza kumwelewa adui kiasi cha kumshinda. Kisha wakamficha ukweli, kwa kuwa mwenye huruma asingekubali kuua. Kutojua kwake kulikuwa sehemu ya silaha. Hatia iliyomkosa Ender haikupotea, basi. Imetawanywa miongoni mwa waliolitengeneza bao na kumketisha mtoto mbele yake. Nao, katika riwaya, wanaponea mahakamani.

Hata hivyo, tunaona kwamba Kessel hakuupa mwisho wa riwaya uzito unaostahili. Ender hatulii kwa kuambiwa kwamba hakukosa. Anakwenda kuishi katika moja ya sayari za waliokufa, anaikuta mbegu ya mwisho ya uzao wao, na anaandika kitabu kinachoisimulia habari yao kama ambavyo wangeisimulia wenyewe. Hakuna mahakama iliyomwamuru afanye hivyo. Hiyo ndiyo dhima. Mwenye hatia hulipa na kumaliza. Mwenye dhima husimulia, kwa sababu hakuna malipo yanayolingana na kilichopotea. Ni jambo la kuzingatiwa kwamba njia pekee aliyoiona mshindi wa mchezo ya kuubeba mzigo wake ilikuwa ni kuacha kucheza na kuanza kutunga.

Kete Inayosema

Ender anautazama ubao kutoka juu. Joe Haldeman, aliyepigana Vietnam, anautazama kutoka chini. Katika The Forever War ya mwaka 1974, William Mandella si kamanda mwenye kipaji bali ni kijana msomi aliyeandikishwa jeshini kwa lazima. Kwa sababu safari za angani zinakaribia kasi ya nuru, miezi yake michache ni miongo mingi duniani. Kila anaporudi anaikuta jamii aliyoipigania imegeuka, lugha imebadilika, jamaa wametoweka. Umbali ambao kwa mchezaji ni idadi ya zamu za kusubiri, kwa Mandella ni maisha yote ya mama yake.

Katika pambano la kwanza la nchi kavu, askari wanachochewa chuki kwa maneno yaliyopandikizwa akilini mwao kabla, nao wanawachinja maadui ambao karibu hawapigani. Hapa tena kutojua kumetengenezwa, ila safari hii kumewekwa ndani ya mwili wa askari. Kisha, baada ya zaidi ya miaka elfu moja ya vita, Mandella anaelezwa kwamba vita vilianza kwa kosa na viliendelea kwa sababu pande mbili hazikuweza kuzungumza. Wapiganapo tembo nyasi huumia. Ubora wa riwaya hii ni kwamba msimulizi wake ni unyasi. Mchezaji ambaye amepoteza vikosi mia kwa usiku mmoja bila ya kujali hana budi kuisoma, kwa kuwa humo ndimo kikosi kimoja kinapopata jina.

Mchezaji Achezwapo

Katika The Player of Games ya Iain M. Banks, iliyotoka mwaka 1988, tunakutana na msomaji wetu mwenyewe. Gurgeh ni bingwa wa michezo katika jamii iliyoshiba, asiyejua tena kwa nini acheze. Anapelekwa katika dola la Azad, ambako mchezo mmoja mkubwa ndio unaoamua nani atawale. Kwa muda mrefu anauona uzuri wa mchezo huo tu. Ndipo roboti anayefuatana naye anapomtembeza mitaa ya mafukara, kisha anamwonyesha mateso ya binadamu yanayorushwa kwa siri ili kuwafurahisha wakubwa. Kuanzia hapo hawezi tena kuutazama ubao bila ya kuyaona yaliyo chini yake.

Wengi wangeridhika kuishia hapo: mchezaji amefumbuliwa macho, ameshinda, dola dhalimu limeanguka. Banks haishii hapo. Tunatambua kwamba Gurgeh alitegwa tangu mwanzo, na kwamba jamii yake yenye kujiona njema ilimtumia kama kete. Swali la Ender linarudi likiwa gumu zaidi, kwa sababu safari hii lengo ni jema. Kant, katika kitabu chake cha mwaka 1785 juu ya misingi ya maadili, alikataza mtu kufanywa chombo tu cha malengo ya mwingine. Kwa msingi huo, tunalazimika kusema kwamba ushindi wa wema kwa njia ya hila umeacha deni, hata kama hakuna Mwazad mmoja aliyeokolewa atakayelidai.

Sheria ya Msitu

Pingamizi kubwa zaidi kwa msimamo wetu linatoka kwa mwandishi wa China, Liu Cixin. Katika The Dark Forest ya mwaka 2008, ambayo ni sehemu ya pili ya utatu ulioanza na The Three-Body Problem, anaijenga nadharia inayoigeuza mantiki ya mchezo kuwa sheria ya ulimwengu. Kila jamii inataka kuishi. Jamii hukua, ilhali mata ya ulimwengu haiongezeki. Umbali baina ya nyota hauruhusu jamii mbili kuaminiana, na jamii dhaifu leo inaweza kuwa na nguvu kesho. Kwa hiyo, yeyote anayeonekana inafaa aangamizwe kabla hajaona. Ikiwa hayo ni kweli, basi kitenzi cha nne cha Emrich si chaguo bali ni busara, na mazungumzo yetu juu ya dhima ni anasa ya wasiojua hatari.

Mantiki hiyo haina ufa unaoonekana kwa urahisi, na hatudhani kwamba inafaa kukanushwa kwa kuikemea. Lakini riwaya yenyewe inabeba ushahidi dhidi yake. Utatu huu unaanza na msikilizaji mmoja katika ulimwengu wa maadui. Anapoupokea ujumbe kutoka duniani, anawaonya viumbe asiowajua wasijibu, akiisaliti jamii yake ili kuwaokoa. Nadharia ya msitu haiwezi kulieleza tendo hilo. Na anayelipuuza onyo hilo ni mwanadamu, Ye Wenjie, aliyeshuhudia baba yake akiuawa hadharani wakati wa Mapinduzi ya Utamaduni na kukata tamaa na wanadamu wote. Mlolongo wa shaka haukuanzia nyotani, basi; ulianzia uwanjani, kati ya watu waliosemana lugha moja. Mwishoni mwa The Dark Forest msikilizaji yule anarejea, na mazungumzo yake na Luo Ji ni juu ya uwezekano wa upendo. Liu hasemi kwamba upendo utashinda. Anachokataa ni kuufuta katika hesabu.

Wale ni Sisi

Fasihi ya Kiswahili nayo ina neno katika mjadala huu. Mwaka 1995 Katama Mkangi, mwanasosholojia aliyewahi kutiwa kizuizini bila ya kufunguliwa mashtaka, alichapisha riwaya ya Walenisi. Dzombo, aliyehukumiwa kifo, anatiwa katika chombo cha angani ili afe, lakini anafaulu kukiongoza na kufika katika jamii isiyo na dhuluma. Jina la nchi hiyo linajieleza likikatwa vipande: wale ni sisi.

Kinachotuvutia hapa ni kwamba Mkangi anazikataa kanuni za tanzu nzima. Anayevumbua sayari mpya si mpelelezi wa dola bali ni mfungwa. Hana manowari, hapanui chochote, hamnyonyi mtu, amekuja kujifunza. Chombo cha angani, ambacho katika michezo ni mkono mrefu wa mtawala, kwake ni chombo cha kunyongea kilichogeuzwa njia ya wokovu. Tunaweza kulaumu kwamba jamii ya Walenisi imenyooka mno, na kwamba wahusika wake huhutubu zaidi ya wanavyoishi. Lakini jina lile limelisema kwa neno moja lile ambalo Ender alihitaji kitabu kizima kulisema. Ukiwa juu ya ramani, wale ni wale. Dhima huanza pale wanapokuwa sisi.

Hitimisho

Tumejaribu kuonyesha kwamba swali la hatia ya kamanda asiyeona halijibiwi kwa ndiyo au siyo. Hatia hufuata ujuzi na nia, na mara nyingi huwakalia waliopanga nani ajue nini kuliko aliyebonyeza kitufe. Dhima haina masharti hayo. Hilo si suala la wasomaji wa riwaya za anga peke yao, kwa kuwa leo kuna marubani wanaoziongoza ndege za kivita zisizo na watu wakiwa maelfu ya kilomita kutoka mahali zinapopiga, nao huwaona watu kwenye kioo.

Kwa mpenzi wa michezo ya mikakati, basi, tunapendekeza utaratibu ufuatao. Aanze na Ender's Game, kwa kuwa itamkuta mahali alipo. Afuatishe The Forever War ili amsikie aliyekuwa akimtuma. Kisha asome The Player of Games ajiulize ni nani anayemcheza yeye, na The Dark Forest ili asidhani kwamba maswali haya yana majibu ya bure. Amalizie na Walenisi. Hatumtaki aache kucheza. Wells alikuwa na haki kwamba afadhali vita vya sakafuni. Tunachomtakia ni kwamba atakapoirudia ramani yake, na namba iliyo kando ya sayari ikaanza kupungua, asite kidogo kabla ya zamu inayofuata.